Nilikwenda Zanzibar Kumtafuta Bibi wa Bibi Yangu

Akina mama wenzangu, mtoto akirudi kutoka shule na kukuuliza, "Mama, mama yake bibi aliitwa nani?" pengine utamjibu. Akiendelea, "Na mama yake huyo je?" wengi wetu tutamtuma akachote maji. Majina ya mababa huenda yameandikwa mahali, kwenye saruji ya kaburi au katika hati ya shamba. Majina ya akina mama hukaa midomoni mwa wazee, na mzee akifumba mdomo yamekwenda naye.

Mimi nililitafuta jina moja la namna hiyo kwa sababu nililazimika. Binti yangu wa pili alipochumbiwa, wazee wa upande wa kijana walikuja nyumbani kwetu Dar es Salaam kwa taratibu zote. Ni Wamakua wa Masasi, Wakristo kama sisi, watu wa heshima. Barua ikapokelewa, chai ikanyweka. Kisha mjomba wa kijana akauliza swali ambalo kwao ni la kawaida kabisa: "Na huyu binti yetu, kwa upande wa mama, ni wa ukoo gani?"

Kwa msomaji ambaye hatoki kusini, nieleze. Kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde, ukoo hufuata mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mjomba ndiye msemaji wake, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Kwa hiyo swali lile halikuwa la dharau. Ni la kuzuia ndugu wasije wakaoana. Mjomba wangu akataja jina la ukoo papo hapo, bila kukohoa. Wageni wakaridhika. Mimi nikatazama mkeka.

Nilikuwa nalijua jina lile, na nilijua pia kwamba tuliazimwa. Bibi yangu mzaa mama, aliyefariki mwaka 1989, alinieleza mara moja tu, tukichambua mchele, na akaniambia nisimwulize tena. Alisema bibi yake yeye alikuja Masasi kutoka Zanzibar, kwamba alikuwa "mtoto wa misheni", na kwamba hakuwa na ukoo. Mwanamke mmoja wa Kimakua alimpenda, akamwita mdogo wake, akampa ukoo wa kwao. Watu walimwita Bibi Mbweni. Sisi wajukuu tulidhani Mbweni ni jina la mumewe.

Hebu fikiri maana yake. Mahali ambapo kila mtu anatambulishwa kwa mama yake, yeye alifika bila mama, bila mjomba wa kumsemea, bila dada. Na katika nchi ile kila mtu alijua ni watu gani waliokuwa hivyo. Walikuwa mateka, watu waliopata kuuzwa. Neno hilo hutalisikia mezani, lakini kwenye foleni ya maji utalisikia.

Wageni walipoondoka mjomba aliniita kando. "Mwanangu," aliniambia, "ukoo tuliopewa ni wetu. Miaka zaidi ya mia tumezika nao na kuzikwa nao. Unataka kufukua nini?" Sikuweza kumjibu, kwani hoja yake ina uzito, na mpaka leo naiheshimu. Lakini usiku binti yangu alikuja jikoni akasema, "Mama, mimi naenda kuishi kwao. Nikiulizwa na mama mkwe, nitasema nini?" Hoja hiyo nayo ina uzito wake. Jambo la namna hii mke mgeni asipoelezwa na mama yake ataelezwa na jirani, tena siku ya ugomvi.

KUANZIA NYUMBANI

Watu wengi wanapotaka kutafuta wazazi wao wa kale hukimbilia mwanzo: tulitoka wapi, chifu wetu alikuwa nani. Njia iliyo sahihi ni kinyume chake. Unaanza na wewe, unarudi nyuma kizazi kimoja kimoja, na huvuki mpaka uwe na kitu cha kukanyaga.

Nilianza na mama yangu, ambaye sasa ana miaka 88. Nilinunua daftari la shule, nikawa namwuliza jioni, dakika chache tu, kwa sababu akichoka huanza kunipendeza kwa majibu. Nani alimzaa nani, nani alikuwa msimamizi wa ubatizo, nani alizikwa wapi, masika ya mwaka gani. Kisha binamu yangu aliyeko Masasi akaomba ruhusa kwa padre, akafungua daftari la ndoa la kanisa letu. Humo akaipata ndoa ya mama yake bibi, na katika mstari uleule jina la ubatizo la mama wa bibi harusi. Ndiye Bibi Mbweni. Majina yenyewe sitayaandika hapa. Ni ya familia, na wapo ndugu ambao bado hawajaelezwa.

Baada ya hapo njia ya Masasi iliishia, ikabaki ya baharini.

Historia ya misheni ile si ngeni kwa wengi. Shirika la UMCA, lililoanzishwa baada ya hotuba ya Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, lilihamia Zanzibar mwaka 1864. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, wakakabidhiwa kwa misheni na Sultani Majid. Mwaka 1871 shirika lilinunua shamba la Mbweni, kusini mwa mji, pakawa kijiji cha watu walioachwa huru pamoja na shule ya wasichana. Wavulana walikaa Kiungani.

Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Biashara haikukoma siku ile, ila ilianza kujificha. Manowari za Uingereza ziliendelea kukamata majahazi, na watu waliokutwa ndani wakagawiwa: hawa UMCA, hawa mapadre wa Bagamoyo, hawa Freretown karibu na Mombasa. Neno hilo, kugawiwa, linanichoma hadi leo, ingawa waliogawa walikuwa na nia njema.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yuleyule aliyeandika vitabu vya Kiswahili, aliongoza kundi la watu hao kutoka Lindi kwenda bara, nia ikiwa kuwarudisha karibu na Ziwa Nyasa walikotekwa. Walipofika Masasi waliona ardhi nzuri na maji, wakakaa. Mwaka 1882 Magwangwara waliwashambulia, wakaua na kuteka tena. Kuna watu basi waliotekwa mara mbili katika maisha yao. Bibi Mbweni yeye alifika baadaye, akiwa mke wa kijana wa Kiungani.

CHUMBA CHA KUSOMEA

Nilivuka kwa boti ya asubuhi. Njiani nilisoma sura ambayo huwa naipita haraka, Ezra sura ya 2, ile ya orodha ndefu ya waliorudi kutoka Babeli. Humo wamo watu waliotafuta majina yao katika orodha ya nasaba wasiyaone, na waliokuwa wakidai ukoo wa makuhani wakaondolewa katika ukuhani. Zamani niliiona kuwa sura kavu. Siku ile niliifunga Biblia nikatazama maji.

Nyumba ya Nyaraka za Taifa ya Zanzibar iko Kilimani, si mbali na mji. Unaacha mkoba, unajaza fomu, unaeleza unachotafuta, unapewa nafasi mezani. Kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu. Nilitarajia mahali pa wasomi wenye miwani, na kweli walikuwapo wawili, lakini kijana wa zamu alinipokea kama mama yake. "Shikamoo mama. Karibu. Tunamtafuta nani?" Hilo "tunamtafuta" lilinipa nguvu.

Akaniuliza mambo matatu: jina, mwaka, mahali. Nilikuwa nayo mawili na nusu. Akanionyesha orodha za makabrasha, akanieleza kwa nini karatasi za watumwa zipo kabisa. Hili napenda mlijue. Mwaka 1860 na 1861 balozi wa Uingereza aliyeitwa Rigby aliwaachilia maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi raia wa Uingereza, na kila mmoja akaandikwa. Mwaka 1897 ikatoka amri ya kufuta utumwa Zanzibar, lakini mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru, na bwana wake alilipwa fidia. Malipo huhitaji karatasi. Hivyo mtu aliandikwa jina lake si kwa sababu alikuwa na thamani machoni pa serikali, bali kwa sababu bwana wake alidai fedha. Masuria hawakuhesabiwa katika amri ile. Walingoja mpaka 1909. Akina mama, mnaona ni nani walioachwa mwisho.

Bibi yangu hakuwa katika karatasi hizo, kwani alifika kwa njia ya jahazi na misheni. Kijana akaniletea makaratasi ya misheni.

Siku ya kwanza sikupata kitu ila maumivu ya shingo. Kiingereza changu ni cha shule, na mwandiko wa wazungu wale umelala kama mpunga uliopigwa na upepo. Siku ya pili nilianza kuuzoea. Nilijifunza kwamba waliandika jina la ubatizo kwanza, kisha kabila, kisha umri wa kukadiria. Kabila liliandikwa kwa jumla jumla: Yao, Makua, Nyasa. "Nyasa" aliitwa karibu kila aliyetoka kandokando ya ziwa, hata kama lugha zilikuwa tofauti. Mtoto wa miaka mitano angesahihishaje?

Jioni ya siku ya pili nilimpata. Tatizo ni kwamba niliwapata watatu. Wasichana watatu wa Mbweni, jina moja la ubatizo, umri unaokaribiana. Walikuwa wakipewa majina ya Kiingereza yaleyale, maana majina ya kutoa hayakuwa mengi. Mmoja aliandikwa Myao, wawili Wanyasa. Kijana akaniambia kwa upole kwamba watafiti wengi hukwama hapo, na wengine huchagua wanayempenda.

Sasa nieleze jambo la nyumbani kwetu. Katika uzao wa bibi yangu, kila binti wa pili hupewa jina moja la kuitwa ndani ya nyumba. Halimo katika vyeti, halimo kanisani. Si la Kimakua, si la Kiyao, na hakuna anayejua maana yake. Bibi alisema tu kwamba ndivyo alivyotaka bibi yake, kwamba jina hilo lisikosekane nyumbani. Binti yangu anayeolewa analo. Nilikuwa nimemwuliza mzee mmoja jirani yetu, mwenyeji wa Malawi, akaniambia linasikika kama la Kinyanja, lugha ya watu wa ziwani.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nikisoma mstari wa yule msichana wa tatu, niliona maneno machache ya ziada. Mnyasa, kama miaka 7, kutoka jahazi lililokamatwa, 1874. Amekuja na mdogo wake. Na mdogo wake, kwa kuwa alikuwa hajabatizwa, aliandikwa kwa jina lake la kwao, kwa tahajia ya Kizungu yenye herufi za kuzidi. Nililisoma kwa kunong'ona mara mbili. Lilikuwa jina la binti yangu.

Mbele yake palikuwa na msalaba mdogo na mwaka 1875.

Kijana aliniletea maji. Sheria zao hazikubali maji mezani, kwa hiyo tulitoka nje tukakaa kwenye ngazi, na alikaa nami mpaka nikatulia. Mungu ambariki.

Mchana nilikwenda Mbweni. Kanisa la Mtakatifu Yohana lipo, na magofu ya shule yapo karibu na bahari, miti imeota ndani ya kuta. Hapo ndipo alipofundisha Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877 na kukaa mpaka alipofariki mwaka 1926. Nilitembea polepole. Wavulana wa Kiungani waliandika habari za kutekwa kwao, zikachapwa kuwa kitabu mwaka 1887 na A. C. Madan, yule wa kamusi. Ni hadithi za wavulana. Bibi Mbweni alikuwa na hadithi yake, akaiweka katika jina la mtoto, akawakabidhi wanawake wa uzao wake wailinde pasipo kujua wanalinda nini. Kwa maoni yangu alifanya kazi nzuri kuliko daftari.

KURUDI NA KARATASI

Mama yangu alitaka nimsomee mstari ule mara tatu. Kisha akavua kilemba, akakaa kimya, akasema, "Miaka saba. Alikuwa amembeba."

Haikuandikwa kwamba alimbeba. Lakini mama amelea watoto sita na anajua dada wa miaka saba hufanya nini na mdogo wake.

Kwa mjomba nilikwenda peke yangu. Nilimpa karatasi niliyonakili kwa penseli. Alivaa miwani, akasoma, akasoma tena, akaiweka gotini. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Akasema, "Kumbe alikuwa na ndugu." Baadaye akaongeza kwamba yeye hatakwenda kuwaambia watu wale kitu, kwani amekwisha kusema, na mzee hali maneno yake, kama ni lazima niseme, niseme mimi. Nikamwambia nitasema kwamba ukoo tulionao tulipewa, na aliyetupa tunamheshimu, na kabla yake tulitoka ziwani. Akanijibu, "Sema hivyo. Usiongeze."

Nilisema hivyo. Nilikwenda na mume wangu na dada yangu mkubwa, tukaketi na wazee wa kijana, nikaeleza kwa maneno machache. Mjomba wa kijana alisikiliza bila kunikatiza, akashukuru, akasema watakwenda kuzungumza nyumbani. Walikaa kimya wiki tatu. Sitaki kuwaambia wiki tatu hizo zilivyokuwa, ila kwamba binti yangu alipungua, na mimi kila simu ilipolia niliacha nilichoshika. Nilijiuliza mara nyingi kama ukweli niliouleta kutoka Kilimani ulikuwa zawadi au jiwe. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliniambia usiku mmoja kwamba kama wataondoka kwa sababu ya mtoto wa miaka saba, basi heri waondoke sasa.

Hawakuondoka. Mjomba wa kijana alirudi na watu wawili, akasema kwamba kwao wanaoa mtu, wala hawaoi jahazi, na tarehe ikapangwa. Lakini nisiwadanganye kwamba wote walifurahi. Shangazi mmoja wa kijana hakuja kwenye kicheni pati wala kanisani. Na kwenye kicheni pati yenyewe nilisikia minong'ono nyuma yangu, nikaendelea kugawa soda. Msisahau kwamba huku bara Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, bibi yangu akiwa tayari msichana mkubwa. Si mambo ya Farao.

Binti yangu aliomba jambo moja tu. Alitaka kadi za harusi ziandikwe majina yake yote, na lile la nyumbani liwe la kwanza. Mchapaji alipiga simu kuuliza kama herufi ziko sawa. Mjomba alipopata kadi yake aliitazama muda mrefu, na siku ya harusi alikuja amevaa koti lake la Pasaka, akamshika binti mkono, akamkabidhi kama anavyopaswa mjomba.

Tangu hapo wanawake watatu wa familia yetu wamenunua madaftari. Mpwa wangu anayesoma Uingereza ameahidi kwenda Oxford, katika maktaba ya Bodleian, kwani makaratasi ya UMCA yaliyopelekwa Ulaya yamehifadhiwa huko. Mimi nitarudi Kilimani mwezi wa Julai, shule zikifungwa. Nimebakiza kurasa za mazishi ya Mbweni kuanzia 1875, na mama amenituma niangalie kama wameandika mtoto alizikwa upande gani wa kanisa.